Otranto, mji wa mlangoni: simulizi ya safari

Jumatatu: Roma, Lecce, Otranto

Treni iliyoondoka Roma asubuhi ilinifikisha Lecce alasiri, baada ya mwendo wa zaidi ya saa tano, na mpwa wangu anayesoma chuo kikuu huko alikuwa akinisubiri kituoni, begi lake dogo likiwa tayari mgongoni. Tulikuwa tumekubaliana kwamba nisikae Lecce, mji ambao yeye ameuzoea na ambao watalii hawauachi, bali tufuatane hadi Otranto, mji mdogo wa bandari ulio mashariki kabisa mwa Italia. Wakazi wake hawafiki 6,000, lakini historia yake ina mambo ambayo mtu aliyezaliwa na kukulia Mombasa hawezi kuyapita bila kusimama na kutazama tena.

Treni kubwa za Roma zinaishia Lecce. Kutoka hapo tulipanda treni ya mkoa, ya mabehewa machache, inayosimama karibu kila kijiji, na tukabadilisha Maglie. Njiani tulipita Zollino, mojawapo ya vijiji vichache ambako wazee bado wanazungumza Kigriko, lugha yenye asili ya Kigiriki iliyodumu katika rasi hii ya Salento kwa karne nyingi baada ya utawala wa Bizanti, dola ya Kigiriki ya Konstantinopoli, kuondoka. Nilikuwa nimesoma habari hizo na nikategemea kuvitazama vijiji, lakini kilichoyachukua macho yangu ni mizeituni.

Mashamba kwa mashamba ya mizeituni yalikuwa yamekauka. Haikuwa imepukutisha majani kwa ajili ya msimu, maana mzeituni haupukutishi. Ilikuwa imekufa wima, matawi yake ya kijivu yakiwa matupu, na mashina yake, mengine mapana kiasi kwamba watu wawili wasingeweza kuyakumbatia, yakiwa yamepasuka magome. Mwaka 2013 wataalamu waligundua karibu na Gallipoli, upande wa pili wa rasi, bakteria aitwaye Xylella fastidiosa, ambaye huziba mishipa inayopitisha maji ndani ya mti hadi mti ukafa kwa kiu hata mvua ikinyesha. Mdudu mdogo anayefyonza utomvu ndiye anayemhamisha kutoka mti hadi mti, na inadhaniwa kwamba bakteria mwenyewe aliingia na mimea ya mapambo iliyoagizwa kutoka Amerika ya Kati. Mamilioni ya mizeituni yamekufa katika mkoa ambao ndio unaoongoza Italia kwa mafuta ya zeituni.

“Mjomba, chukulia minazi yote ife, kuanzia Lunga Lunga mpaka Lamu,” alisema mpwa wangu, nami sikuhitaji maelezo zaidi.

Hapa na pale tuliona miche mipya, imepandwa kwa mistari iliyonyooka, ya aina za Leccino na Favolosa zinazostahimili ugonjwa huo. Itazaa, lakini mizeituni iliyokufa ilikuwa na umri wa karne kadhaa, na hakuna mkulima anayeweza kupanda karne.

Giza lilikuwa limeanza kuingia tulipofika Otranto. Tuliteremka kwa miguu kutoka kituoni, tukaingia ndani ya kuta kupitia lango la mviringo lililo kati ya minara miwili minene, na mama mwenye nyumba, mtu mzima wa umri wa bibi yangu, alitupokea kwa maji baridi na maagizo marefu kuhusu mlango, funguo na taka. Mpwa wangu alimwitikia kwa Kitaliano cha heshima na kwa kuinamisha kichwa kidogo, kama alivyofunzwa kwao, na tangu dakika hiyo tukahesabiwa kuwa wageni wema.

Jumanne: sakafu na mifupa

Kanisa kuu la Otranto hufungwa mchana, kwa hiyo tulikuwa mlangoni mapema. Liliwekwa wakfu mwaka 1088, wakati Wanormani, watu wa kaskazini mwa Ufaransa, walipokuwa wamewaondoa Wabizanti na kuanza kuigeuza nchi hii ya Kigiriki kuwa nchi ya Kilatini. Kwa nje ni jengo la mawe ya rangi ya mchanga lisilo na mbwembwe nyingi, isipokuwa dirisha kubwa la mviringo juu ya mlango, lililoongezwa baadaye. Ndani, mtu hatazami juu. Anatazama chini.

Sakafu yote ya kanisa, kutoka mlangoni hadi madhabahuni na pande zote mbili, ni mozaiki, yaani picha iliyopangwa kwa vijiwe vidogo vya rangi. Ilitengenezwa kati ya mwaka 1163 na 1165 kwa amri ya Askofu Mkuu Gionata, na fundi aliyeisimamia alikuwa mtawa aitwaye Pantaleone. Majina yao, pamoja na jina la Mfalme Guglielmo, yameandikwa kwa Kilatini kwenye sakafu yenyewe. Kamba zimewekwa kuwazuia wageni wasiikanyage, na mtu hupita pembeni polepole, akisoma picha kama anayesoma ukurasa mrefu kuanzia chini kwenda juu.

Chini kabisa, karibu na mlango, wamesimama tembo wawili. Juu ya migongo yao umeota mti, na shina la mti huo linapanda katikati ya kanisa lote hadi mbele, matawi yake yakibeba viumbe na visa vya kila aina. Upande mmoja wajenzi wanapandisha Mnara wa Babeli. Upande mwingine yumo Iskandar Mkuu, ameketi kati ya wanyama wawili wa hekaya wenye vichwa vya tai na viwiliwili vya simba, ameshika vijiti vyenye nyama juu ya vichwa vyao ili, wakiitamani nyama, wapae naye mbinguni. Mbele yake Nabii Nuhu anajenga safina. Kisha vinafuata viduara 12 vya miezi ya mwaka, kila mwezi na nyota yake na kazi yake: anayeota moto wakati wa baridi, anayevuna ngano mwezi Juni, anayepura mwezi Julai, na wenye zabibu baada yao. Na huko mbele, karibu na Adamu na Hawa wanaofukuzwa peponi, anaonekana Mfalme Arthur wa hekaya za Waingereza, amempanda mnyama anayefanana na beberu, na jina lake limeandikwa wazi ili asidhaniwe kuwa mtu mwingine.

Nilikaa kwa muda mrefu mbele ya wale tembo. Pantaleone alikuwa mtawa wa San Nicola di Casole, monasteri ya watawa wa Kigiriki iliyokuwa nje kidogo ya mji huu, na sidhani kama aliwahi kumwona tembo kwa macho yake. Habari za tembo zilimfikia kama zilivyomfikia habari za Arthur kutoka kaskazini na za Iskandar kutoka mashariki: kwa watu waliopita. Monasteri yake ilikuwa na maktaba ya maandishi ya Kigiriki iliyojulikana mbali, na bandari iliyokuwa chini yake ilikuwa njia ya mahujaji, wafanyabiashara na askari wa vita vya msalaba waliokuwa wakivuka kwenda mashariki. Mtawa wa Kigiriki akiandika Kilatini, akimtumikia askofu mkuu wa Kilatini chini ya mfalme wa Kinormani, akiweka Torati, nyota, hekaya za mashariki na za Uingereza katika sakafu moja bila kuona haya: huo ndio mji uliokuwapo hapa mwaka 1165. Watu wa bandari tunaufahamu mchanganyiko wa namna hiyo. Hauhitaji kuhubiriwa, unahitaji tu kwamba meli ziendelee kuingia.

Tulishuka kwenye kanisa la chini ya ardhi, ambako nguzo zaidi ya 40 zimeshika dari ya matao. Nyingi zilichukuliwa kutoka majengo ya kale zaidi, na vichwa vyake vimechongwa kila kimoja kwa mtindo wake, kimoja majani, kingine ndege, kingine kama ususi wa ukili. Humo ndani mna ubaridi na hakuna mwongozaji anayepaza sauti, nami ningekaa zaidi kama si lile jambo lililobaki kule juu, ambalo nilijua kwamba sitaweza kuliepuka.

Upande wa kulia wa madhabahu kuna kikanisa cha wafia dini. Nyuma ya altare yake yamepangwa makabati saba makubwa ya vioo, na ndani yake, kutoka chini hadi juu ya kichwa cha mtu mrefu, ni mafuvu na mifupa ya binadamu. Fuvu moja la safu ya chini, usawa wa macho ya mtu aliyepiga magoti, lilikuwa na meno mazuri yasiyopungua hata moja upande wa juu. Alikuwa kijana.

Kisa cha mifupa hii kinajulikana kwa kila mtoto wa mji huu. Mwishoni mwa Julai 1480, merikebu za Sultani Mehmed II wa Waturuki, yule aliyeiteka Konstantinopoli mwaka 1453, zilivuka kutoka Vlorë, ng'ambo katika Albania ya leo, zikiongozwa na jemadari wake, Gedik Ahmed Pasha. Jeshi la ufalme wa Napoli lilikuwa mbali, kule Toscana, likishughulikia ugomvi wa Wataliano wenyewe kwa wenyewe, na Venezia, yenye nguvu kuliko wote baharini, ilikuwa imefanya mapatano na Sultani mwaka mmoja kabla na haikutaka kuyavunja. Otranto ilibaki peke yake. Kuta zilivunjwa tarehe 11 Agosti, Askofu Mkuu Stefano Pendinelli aliuawa humu kanisani, na siku tatu baadaye wanaume wapatao 800 waliobaki walipelekwa kwenye kilima cha Minerva nje ya mji, wakakatwa vichwa. Masimulizi ya Kanisa yanasema waliambiwa wachague kati ya kusilimu na kufa, na kwamba fundi wa nguo aitwaye Antonio Primaldo ndiye aliyesema kwa niaba ya wote kwamba hawataiacha dini yao. Inasimuliwa pia kwamba mwili wake ulisimama wima bila kichwa hadi wa mwisho alipouawa. Wapo wanahistoria wanaolitazama jambo hilo kwa namna nyingine: kwamba waliuawa kwa sababu mji ulikataa kusalimu amri, au kwa sababu hawakuwa na fidia ya kujikomboa, na kwamba ushahidi wa kiapo kuhusu kusilimishwa ulikusanywa mwaka 1539, takriban miaka 60 baadaye.

Mimi ni Mwislamu, na nilisimama hapo nikijua hivyo. Nimefunzwa tangu chuoni kwamba hapana kulazimisha katika dini, na sikuona sababu ya kumtetea pasha yeyote. Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano, kwa maana sisi wa Mombasa tunao wetu: Agosti 1631, Sultani Yusuf bin Hasan, aliyekuwa amelelewa na Wareno huko Goa na kubatizwa kwa jina la Dom Jerónimo, aliiteka Ngome ya Mombasa, akarejea katika Uislamu, na Wareno pamoja na Waafrika waliobatizwa, waliokataa kumfuata, wakauawa. Mpwa wangu hakuwa amekisikia kisa hicho. Tulikizungumza nje, uani, kwa sauti ya chini, kama watu wanaozungumzia deni la ukoo.

Kanisa liliwatangaza wale wa Otranto kuwa wenye heri mwaka 1771 na watakatifu tarehe 12 Mei 2013, chini ya Papa Francis. Uamuzi wenyewe ulitangazwa tarehe 11 Februari mwaka huo na Papa Benedict XVI, katika kikao kilekile alichotumia kutangaza kwamba anajiuzulu, na kwa hiyo ulimwengu mzima uliandika habari za kujiuzulu na ni Otranto tu iliyosikia hiyo nyingine.

Rai yangu, ambayo nilikwenda nayo siku zote zilizofuata, ni kwamba mji huu unajieleza kupita kiasi kwa mwaka 1480. Njia ya kando ya bahari imepewa jina la mashujaa, fukwe moja ya kaskazini inaitwa Ghuba ya Waturuki, na maduka yanauza kisa hicho kwenye kadi. Sakafu ilikuwapo miaka 300 kabla ya mauaji, na imeishi baada yake. Wenyeji wanasimulia kwamba askari wa Sultani walilitumia kanisa kuwa zizi la farasi. Hata kama ni hivyo, kwato hazikuifuta.

Jumatano: ngome

Ngome ya Otranto ni ya baada ya msiba. Mehmed II alifariki Mei 1481, wanawe wakaanza kugombea kiti, na Septemba mwaka huo kikosi kilichobaki Otranto kilisalimu amri kwa Alfonso, mwana wa mfalme wa Napoli. Jambo la kwanza alilofanya mwokozi ni kujenga, na kati ya mwaka 1485 na 1498 ngome ya zamani ilijengwa upya kwa kuta nene zinazoinama kidogo, handaki refu lisilo na maji siku hizi, na minara mitatu ya mviringo kwenye pembe.

Nilikuwa na sababu yangu ya kulizunguka lile handaki mara mbili. Minara ya mviringo ilikuwa hatua ya kwanza ya wajenzi kuikabili mizinga: tufe likigonga ukuta uliopinda huteleza, halipasui kama linapogonga pembe ya mraba. Lakini mnara wa mviringo una kasoro moja, kwamba mbele yake panabaki sehemu ambayo askari walio juu hawawezi kuiona wala kuipiga, na adui mjanja hujificha papo hapo na kuchimba. Upande unaoelekea bahari, mwaka 1578, iliongezwa buruji ya aina nyingine kabisa, yenye ncha kali kama kichwa cha mkuki, inayowawezesha walinzi wa upande mmoja kuupiga risasi upande wa pili bila kuacha kificho. Miaka 15 baadaye, mwaka 1593, Wareno walianza kujenga Ngome ya Mombasa kwa ramani ya Giovanni Battista Cairati, mhandisi kutoka Milano, na ramani hiyo haina minara ya mviringo. Ina buruji za pembe tu. Mtu anayetaka kuelewa kwa nini Ngome yetu ina umbo lile anaweza kusimama katika handaki la Otranto, akatazama kulia kisha kushoto, na akaona fikra hiyo ikibadilika katika jengo moja.

Matufe ya mawe yaliyorushwa mwaka 1480 bado yamo mjini. Mengine yamewekwa uani mwa ngome, mengine kwenye vichochoro, kando ya vizingiti vya nyumba, ambako paka huota jua juu yake. Nililipapasa moja lililokuwa karibu na malazi yetu: lilinifika juu kidogo ya goti, uso wake umejaa vijishimo vya patasi, na upande mmoja lilikuwa limebapa palipogonga kitu kigumu kuliko lenyewe.

Jioni tulikwenda kwenye kanisa dogo la San Pietro, lililosalia tangu enzi za Wabizanti, lenye kuba moja juu ya nguzo nne na michoro ya ukutani yenye maandishi ya Kigiriki. Ni chumba kisichozidi sebule kubwa. Karamu ya mwisho ya Isa na wanafunzi wake imechorwa juu, imefifia, na sahani mezani zinaonekana kuliko nyuso.

Chakula cha usiku kilikuwa pweza aliyepikwa ndani ya chungu cha udongo, bila kuongezewa maji, akaiva kwa maji yake mwenyewe pamoja na vitunguu, nyanya na viazi. Tuliuliza kwanza kama kuna divai ndani, mpishi akatoka jikoni kutuhakikishia kwamba yake haina. Pweza alikuwa laini. Nisingethubutu kusema nyumbani kwamba amemzidi wa kwetu wa nazi, na sisemi.

Alhamisi: njia ya Palascìa

Usiku upepo ulikuwa umegeuka. Kama sisi tunavyopanga maisha kwa kusi na kaskazi, watu wa Salento wanayapanga kwa tramontana, upepo mkavu wa kaskazini unaosafisha anga, na shirokko, upepo wa kusini mashariki unaoleta unyevu na uchovu. Mama mwenye nyumba alifungua dirisha, akanusa, akasema tramontana imeingia na kwamba kama tunataka kuiona Albania ni leo.

Tulifuata njia ya miguu inayotoka bandarini kwenda kusini juu ya majabali. Mahali pa kwanza pa kusimama ni Torre del Serpe, kipande cha mnara wa kale kilichobaki kama jino moja juu ya kilima. Nembo ya mji ina nyoka aliyejisokota kwenye mnara, na wenyeji wanasimulia kwamba mnara huu ulikuwa na taa ya kuongoza vyombo, na nyoka mmoja alikuwa akipanda usiku kunywa mafuta yake. Usiku mmoja maharamia walikuja, nyoka alikuwa ameshakunywa mafuta, taa ikazima, nao wakaupita mji gizani wakaenda kuivamia Brindisi. Watu wa Brindisi, nadhani, wana maoni yao kuhusu hadithi hiyo.

Mbele zaidi kuna shimo la boksiti, madini yanayotolewa aluminiamu. Lilichimbwa tangu miaka ya 1940 hadi mwaka 1976, kisha likaachwa. Maji yamekusanyika chini na kuwa ziwa la kijani lililozungukwa na matete, na kingo zake ni udongo mwekundu sana ambao mvua imeuchonga mifereji. Ni mahali pazuri kwa nasibu tu: hakuna aliyekusudia uzuri huo. Wanandoa wapya walikuwa wakipigwa picha, bibi harusi akiwa ameinua pindo la gauni jeupe kwa mikono miwili, na mpiga picha akimsihi aliachie, naye akikataa katakata.

Punta Palascìa, ndiyo ncha ya mashariki kabisa ya Italia, ina mnara mweupe wa taa uliojengwa mwaka 1867. Hapa ndipo jua hufika kwanza katika bara lote la Italia, na kila mkesha wa mwaka mpya watu hukusanyika kulisubiri. Sisi tulifika adhuhuri, hakukuwa na mtu. Tukakaa chini ya ukuta kujikinga na upepo, tukatoa mikate mikavu ya shayiri iitwayo friselle, migumu kama kigae, tukaichovya kwenye maji kidogo kama alivyotuelekeza mama mwenye nyumba, tukakamulia nyanya, chumvi na mafuta ya zeituni. Ukizidisha maji inageuka uji, ukipunguza inakuvunja jino.

Na ng'ambo ilikuwapo. Si kivuli, bali milima yenyewe, yenye mikunjo, buluu juu ya buluu. Mlango bahari wa Otranto una upana wa kilomita zipatazo 72 hapa palipo pembamba. Nilikuwa nimeusoma upana huo kwenye ramani, lakini macho yanafahamu vingine. Mtu aliyesimama juu ya milima ya Vlorë mwaka 1480 alikuwa akiuona ufalme wa Napoli kama mtu wa Kisiwani anavyoiona Likoni, pungufu ya kivuko.

Ijumaa: bandarini

Tramontana iliondoka na anga ikawa zito. Tuliswali adhuhuri nyumbani, kisha tukateremka bandarini, kwa sababu mpwa wangu alikuwa ameniambia tangu Lecce kwamba kuna kitu ambacho wageni wengi hawafiki kukiona, kwa kuwa kiko nyuma ya maegesho, mbali na maduka.

Ni mabaki ya boti. Kiwiliwili cha chuma cha chombo kiitwacho Kater i Radës kimewekwa nchi kavu, na mchongaji wa Kigiriki Costas Varotsos amekipitishia tabaka za vioo vya rangi ya maji ya kina, vimesimama kama wimbi linalokipasua. Kazi hiyo ilizinduliwa Januari 2012. Boti yenyewe ilikuwa chombo kidogo cha doria. Mwanzoni mwa mwaka 1997, miradi ya upatu iliyokuwa imemeza akiba za Waalbania ilianguka, serikali ikapoteza udhibiti, na maelfu wakakimbilia baharini. Tarehe 28 Machi, Ijumaa Kuu, Kater i Radës iliondoka Vlorë ikiwa na watu takriban 120, wengi wao wanawake na watoto. Italia ilikuwa imeweka manowari kuwazuia. Jioni, katika mlango huu huu, manowari ya Sibilla ya jeshi la wanamaji la Italia iligongana nayo ilipokuwa ikijaribu kuirudisha, nayo ikazama. Zaidi ya watu 80 walikufa. Kesi iliyofuata iliendelea kwa miaka mingi, na manahodha wa vyombo vyote viwili walitiwa hatiani.

Vlorë ileile. Nilimwuliza mpwa wangu kama kuna kibao kinachotaja jambo hilo, kwamba mji uliokuja kuvamiwa kutoka bandari ile mwaka 1480 ndio ulioletewa kutoka bandari hiyohiyo, miaka 517 baadaye, watu wasio na silaha, wakapokewa kwa manowari. Alisema hajakiona. “Lakini Mjomba, wazee wa hapa wanakumbuka. Wengi waliwapokea Waalbania majumbani mwao miaka ile ya tisini, wakawapa nguo na chakula.” Hilo nalo ni kweli, na ni haki liandikwe: pwani hii iliwapokea wengi zaidi ya wale waliopotea mbele yake.

Tulikaribia. Chini ya vioo, rangi ya chuma imebanduka na kutu imetengeneza ramani zake, na mahali palipokuwa na dirisha dogo la mviringo mtu alikuwa amechomeka ua la plastiki, rangi yake imepaushwa na jua. Wavuvi wawili walikuwa wakishona wavu hatua chache kutoka hapo, wakibishana juu ya mpira. Shirokko ilileta manyunyu, tukarudi juu kwa njia ya ngazi.

Jumamosi: Napoli

Mpwa wangu alinisindikiza hadi Lecce na kunikabidhi kwa treni ya Roma, akiniachia mfuko wa pasticciotti, vitumbua vya unga vilivyojazwa krimu ya mayai, vitano, na onyo kwamba vikipoa havina maana. Niliteremka Caserta na kubadilisha treni kwenda Napoli, kwa kuwa nilitaka kuimaliza habari ya mifupa mahali ilipoishia.

Si mifupa yote iliyobaki Otranto. Alfonso alipoukomboa mji mwaka 1481 aliichukua sehemu yake kwenda Napoli, na leo imo katika kanisa la Santa Caterina a Formiello, kando ya lango la Porta Capuana, umbali wa kutembea kutoka kituo kikuu. Mtaa wake una makelele, una wauza viatu na simu, wengi wao wahamiaji kutoka Afrika Magharibi na Asia, na kanisa lenyewe linapandisha kuba lake juu ya vibanda vyao. Masalia yamewekwa chini ya altare ya kikanisa cha pembeni. Hakuna makabati ya vioo ya kumsimamisha mgeni, na mzee aliyekuwa akifagia ilibidi anionyeshe kwa mpini wa fagio.

Nilimfikiria Alfonso zaidi ya nilivyokuwa nimekusudia. Mfalme mtarajiwa alihitaji wafia dini katika mji wake mkuu. Walimpa jina la mtetezi wa Ukristo, naye akaijenga ile ngome ya Otranto kwa jina hilo. Alirithi kiti mwaka 1494. Januari 1495, mfalme wa Ufaransa akiwa njiani na jeshi lake, alijiuzulu na kukimbilia Sicilia, na mwezi uliofuata Wafaransa waliingia Napoli kwa nchi kavu, kutoka kaskazini, upande ambao ngome ya Otranto haikuwa na namna ya kuulinda.